Ombi la ukaazi wa kudumu Kanada si kibali cha kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme na Watanzania wenzangu, pamoja na jirani zetu wa Kenya na kwingineko wanaosoma gazeti hili, juu ya jambo linalowagharimu vijana wetu wengi walioko Kanada. Ni kile kipindi ambacho mtu ameshapeleka ombi la ukaazi wa kudumu, ambao wengi tunauita PR, majibu hayajatoka, na kibali cha kazi alichonacho kinakaribia kwisha. Sheria ya Kanada imemwekea mtu wa namna hii kibali cha muda cha kumvusha, lakini kibali hicho hakiji chenyewe. Hupewa aliyekiomba, na usalama wake wote uko katika kukiomba kabla tarehe ya kibali cha kwanza haijapita. Wanaolijua hilo mapema huendelea na kazi zao kama kawaida. Wasiolijua hujikuta wamekaa nyumbani bila mshahara, na wengine hujipaka doa kwenye faili lile lile la PR walilokuwa wakilisubiri.

Naandika kutoka Edmonton, katika jimbo la Alberta, ambako nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na ambako siku za Jumamosi hukaa na wageni wa jumuiya yetu tukasoma pamoja barua wanazoandikiwa na Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia. Mimi si wakili wala mshauri mwenye leseni, kwa hiyo simjazii mtu fomu wala sichukui senti ya mtu. Ninayoyaeleza hapa yamo katika kanuni zilizochapishwa, na kila msomaji anaweza kuyahakiki katika tovuti ya idara hiyo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ombi la PR likishapokelewa, mwombaji ameruhusiwa kufanya kazi mpaka majibu yatoke. Barua ya kupokelewa kwa ombi ikishatua kwenye akaunti, ina nembo ya serikali, ina namba ya faili na ina jina la mtu kamili. Mwenyewe huichapisha, akaiweka kwenye bahasha moja na pasipoti, akapumua. Barua hiyo inathibitisha kwamba faili limefika, basi. Haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi, haimwongezei hata siku moja ya kukaa nchini, wala haimgeuzi kuwa mkaazi wa kudumu. Mpaka siku ukaazi wake utakapothibitishwa, mbele ya sheria bado ni mgeni wa muda, na tarehe inayomhusu ni ile iliyochapishwa kwenye kibali chake cha kazi.

Dhana hiyo ina asili yake, na si haki kuwacheka wanaoiamini. Ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi waliochaguliwa kutoka kambi kama Nyarugusu, kule Kigoma, na kuletwa huku kwa mpango wa kuwapa wakimbizi makazi mapya, hupokewa kama wakaazi wa kudumu tangu siku wanayotua. Hao hawakupitia kungoja huku hata kidogo, na wanapomwambia kijana aliyekuja kwa masomo kwamba akishaandikisha ombi lake asiwe na wasiwasi, wanasema kwa nia njema kabisa kutokana na waliyoyaona wao. Anayeomba hifadhi akiwa ndani ya Kanada naye ana kibali chake cha kazi kisichotozwa ada, na aliyeombewa na mume au mke wake akiwa hapa hapa nchini ana chake pia. Njia ni nyingi na kila moja ina masharti yake, ndiyo maana ushauri wa jirani, hata awe mkweli kiasi gani, unaweza kumpoteza mtu.

Kibali ninachokizungumzia, ambacho nitakiita kibali cha mpito (kwa Kiingereza bridging open work permit), ni cha walioomba PR kwa njia za kiuchumi: mfumo wa Express Entry, unaowachagua wenye ujuzi kwa alama, uteuzi wa majimbo, wafanyakazi wenye ujuzi wa Quebec, na mipango midogo kama ile ya watunza watoto na wagonjwa majumbani. Hakimfungi mtu kwa mwajiri mmoja, yaani ni kibali cha wazi. Anayeomba ni lazima awe mwombaji mkuu katika faili la PR, awe yuko Kanada, ombi lake la PR liwe limepita ukaguzi wa ukamilifu, na yeye mwenyewe awe na kibali cha kazi ambacho hakijaisha, au awe bado analindwa na ombi alilolipeleka kabla hakijaisha, au awe ndani ya muda wa kurejeshewa hadhi ambao nitaueleza mbele. Mwanafunzi anayefanya kazi saa 24 kwa wiki kwa ruhusa iliyomo katika kibali chake cha masomo hahesabiwi kuwa na kibali cha kazi, na hili limewashtua wengi waliodhani kwamba kwa kuwa wanafanya kazi kihalali, basi wao pia wamo. Aliyeteuliwa na jimbo naye aisome barua yake ya uteuzi mstari kwa mstari, kwa sababu ikiwa jimbo limemfunga kwa mwajiri fulani, kibali hiki cha wazi hatakipata, itambidi aombe kile cha mwajiri huyo. Ada ni dola 255 za Kanada, yaani 155 za kibali na 100 za kutofungwa kwa mwajiri, na anayetakiwa kupiga alama za vidole upya huongeza 85. Kwa mtu anayelipwa kwa saa fedha hizo si ndogo, lakini mwezi mmoja bila kazi unazipita mbali.

Siku zile PR ilipokuwa ikitoka upesi, wengi walivuka bila hata kujua kwamba kibali hiki kipo. Siku hizo zimepita. Kiwango ambacho idara imejiwekea kwa maombi ya Express Entry ni miezi 6, na walioteuliwa na majimbo nje ya mfumo huo husubiri mwaka mzima na zaidi. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kupunguza idadi ya watakaopewa ukaazi wa kudumu mwaka 2025 kutoka 500,000 zilizokuwa zimepangwa hadi 395,000, ikaziwekea hata nafasi za uteuzi wa majimbo kikomo cha nusu ya zile za awali. Sina ugomvi na haki ya nchi kuamua itapokea wageni wangapi, na ninayaelewa malalamiko ya wenyeji juu ya kodi za nyumba. Ninachokisema ni kwamba waliokuwa tayari kwenye foleni, wakilipa kodi, wakiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wa nchi hii, walistahili kuelezwa wazi zaidi jinsi ya kujilinda wakati foleni inaporefuka. Kati ya 2021 na 2023 wahitimu ambao vibali vyao vilikuwa vinaisha walipewa nyongeza maalumu, na kuna vijana wanaoendelea kungoja nyongeza nyingine kama ile. Haipo. Kibali cha baada ya masomo kina ukomo wa miaka 3 na hakiombwi mara ya pili.

Mtu akiomba kibali kipya kabla cha kwanza hakijaisha, sheria humlinda. Kanuni ya 186(u) ya Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi inasema kwamba mfanyakazi aliyeomba kabla ya tarehe kupita anaweza kuendelea na kazi kwa masharti yale yale ya kibali chake cha zamani mpaka ombi litolewe uamuzi, ilimradi asitoke nchini. Maneno “masharti yale yale” yasipuuzwe. Aliyekuwa na kibali kilichomfunga kwa mwajiri mmoja ataendelea kwa mwajiri huyo huyo, hata kama ombi alilopeleka ni la kibali cha wazi. Hawezi kuhamia kwingine kwa sababu tu amelipa ada. Aliyekuwa na kibali cha wazi, kama kile cha wahitimu, ataendelea kuwa huru kubadilisha kazi.

Shida ni kwamba waajiri wengi hawaijui kanuni hii. Kijana mmoja wa Mwanza, msaidizi wa wauguzi, aliitwa ofisini akiwa katikati ya zamu, akaonyeshwa nakala ya kibali chake ambayo tarehe ya mwisho ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, akaambiwa avue kitambulisho cha kazi na aende nyumbani mpaka alete karatasi mpya. Alikuwa amekwisha kuomba kibali cha mpito siku kadhaa kabla ya tarehe hiyo, na ushahidi alikuwa nao kwenye simu, ila hakujua kwamba huo ndio ushahidi. Tulipokaa naye Jumamosi tulichapisha vitu vitatu: risiti ya malipo yenye tarehe, barua ya idara inayothibitisha kwamba ombi liliingia kabla kibali hakijaisha, na ukurasa wa kanuni yenyewe. Alivipeleka kwa msimamizi pamoja na maelezo mafupi ya adabu, na baada ya ofisi kuu ya mwajiri kujiridhisha akarudishwa kazini, ingawa mshahara wa zamu alizokosa haukurudi. Tangu hapo nimekuwa nikiwashauri watu wasingoje kuitwa. Karatasi hizo zimfikie mwajiri wiki chache kabla ya tarehe kufika, tena kwa barua pepe, ili kumbukumbu ibaki.

Kuna mambo mengine yanayofuata tarehe ile ile kimyakimya. Namba ya bima ya jamii ya mgeni wa muda huanza na tarakimu 9 na ina tarehe ya mwisho inayolingana na ya kibali, kwa hiyo kibali kipya kikitoka ni lazima ikafanyiwe mabadiliko katika ofisi za huduma za serikali. Kadi ya afya ya jimbo nayo kwa kawaida hufuata kibali. Mama mjamzito anayeambiwa kwenye mapokezi ya kliniki kwamba kadi yake imekwisha nguvu hana muda wa kuanza kujifunza kanuni siku hiyo, na mume wake ndiye aliyepaswa kuyajua hayo mapema.

Sasa niseme juu ya uchunguzi wa afya, kwa sababu jambo hili linawagusa watu wetu kuliko wengine. Sehemu kubwa ya wanaotoka Afrika Mashariki wanafanya kazi katika nyumba za wazee, hospitali na vituo vya kulelea watoto. Mtu aliyetoka nchi kama Tanzania au Kenya akiomba kibali cha wazi bila kuwa na uchunguzi wa afya unaokubalika kwenye faili lake, anaweza kupewa kibali chenye sharti chini kabisa ya karatasi kwamba haruhusiwi kufanya kazi za malezi ya watoto, kufundisha shule za msingi na sekondari, wala kazi za huduma za afya. Kwa mpishi wa hoteli au dereva wa lori sharti hilo halina uzito. Kwa msaidizi wa wauguzi ni sawa na kunyimwa kibali, na ubaya wake ni kwamba mtu huifungua barua, akaona neno la kukubaliwa na picha yake, akafurahi na kurudi kazini bila kufika chini. Nimewahi kushika karatasi ya namna hiyo mkononi. Mwenyewe alikuwa ameipitia mara kadhaa kuhakiki herufi za jina lake na tarehe ya kuzaliwa, na jicho lake halikuwahi kutua kwenye mistari miwili ya mwisho.

Uchunguzi wa afya una uhai wa miezi 12. Aliyeufanya kwa ajili ya PR, ikiwa muda wake haujapita, anaweza kuutumia na kuambatanisha ushahidi wake katika ombi la kibali cha mpito. Ambaye uchunguzi wake umepitwa na muda itamlazimu kwenda tena kwa daktari aliyeidhinishwa na idara, kwani si kila daktari anakubaliwa. Ufanyike kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma ombi, kwa sababu kuondoa sharti baada ya kibali kutoka ni ombi jingine, ada nyingine na kungoja kwingine.

Wazazi, wajomba na mashangazi walioko nyumbani, sehemu hii inayofuata ni yenu. Mtoto wenu aliye katika hali niliyoieleza, yaani kibali cha zamani kimeisha na cha mpito hakijatoka, analindwa na sheria kwa sharti moja la kutotoka Kanada. Akitoka, hata kwa wiki moja, ulinzi ule wa kuendelea na kazi unakatika. Tena Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza kuingia Kanada, na kwa wengi viza ya zamani huisha karibu sawa na kibali. Kwa hiyo anayekuja kuzika Moshi au Kisii katika wiki hizo hana uhakika wa kurudi, na hata akirudi anaweza kuzuiwa asifanye kazi mpaka kibali kitoke. Kazi iliyokuwa ikilipa ada za wadogo zake inaweza kuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine.

Najua uzito wa ninachokiomba. Kwetu mtoto asipofika kumzika mzazi wake maneno hubaki miaka mingi, na kumwambia mama mjane kwamba mwanawe amezuiwa na tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi kunasikika kama kisingizio cha mtu aliyesahau kwao. Lakini hao vijana hawajasahau. Nimekaa na kijana aliyefuatilia mazishi ya baba yake kwa simu, saa nane za usiku za huku, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika la chai, kwa sababu aliamua kubaki ili mama yake na wadogo zake wasikose matunzo. Baada ya hapo alitukanwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukoo unaomlaumu ndio ule ule uliokuwa ukingoja atume fedha za arobaini. Ningependa familia zielewe kwamba kubaki kwake kulikuwa ni kuwatunza wao, na kwamba kibali kipya kikishatoka anaweza kuomba viza ya kurudia akiwa ndani ya Kanada, kisha aje afanye matanga, aweke jiwe la kaburi na kukaa na mama yake kwa utulivu. Kibali cha kazi chenyewe si viza, na anayepanga safari asikate tiketi kwa kukitegemea hicho peke yake.

Kwa upande wa huku, kijana anayejua kwamba ana mzazi mgonjwa aombe kibali cha mpito mapema kadiri kanuni zinavyomruhusu, badala ya kukisogeza mpaka wiki ya mwisho. Anayeomba mapema ana uwezekano wa kukipata wakati kibali cha kwanza bado kinaishi, na mtu wa namna hiyo hana siku hata moja ya kukaa roho juu.

Ushauri wa zamani nao umeendelea kuzunguka ingawa umekufa. Miaka mingi watu walikuwa wakiambiwa waendeshe gari mpaka mpakani, waingie Marekani na kugeuka papo hapo, ili afisa wa mpakani upande wa Kanada awapatie kibali siku hiyo hiyo. Tangu tarehe 23 Desemba 2024 huduma hiyo imesitishwa, isipokuwa kwa makundi machache, na anayejaribu sasa anajitia hatarini bure. Vilevile yule anayesema kwamba kibali kikiisha mwajiri atakutafutia kingine kwa kuthibitisha kwamba hakuna Mkanada wa kuifanya kazi hiyo, hajafuatilia mabadiliko ya Septemba 2024, ambayo kwa kazi za mishahara ya chini yamefunga maombi mengi ya aina hiyo katika miji mikubwa ambayo ukosefu wa ajira umefika asilimia 6 au zaidi. Vibali vya wenzi pia vimebanwa tangu tarehe 21 Januari 2025: mke au mume wa mwanafunzi au wa mfanyakazi wa kigeni anaangaliwa kwa aina ya masomo au kazi ya mwenzake, hivyo mtu asichukulie kwamba kwa kuwa shemeji yake alipata mwaka 2022 na yeye atapata.

Katikati ya mkanganyiko huu wamejaa vishoka. Huko nyumbani tunawajua wa umeme na wa viwanja. Huku kuna wa uhamiaji, na wengi wanazungumza Kiswahili kizuri. Sheria ya uhamiaji ya Kanada, katika kifungu cha 91, inakataza mtu yeyote kulipwa kwa kumshauri au kumwakilisha mwombaji isipokuwa awe wakili, mtaalamu wa sheria mwenye leseni, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo maalumu cha kusimamia washauri wa uhamiaji kilichoanza kazi Novemba 2021. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye intaneti, na kutafuta jina ni kazi ya dakika moja. Kishoka anayefungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe anabaki na ufunguo wa faili lako. Barua ya kukutaka ulete nyaraka ikija, itamfikia yeye, na asipoijibu wewe ndiye unayekataliwa. Akiandika uongo katika fomu ili ombi lipendeze, anayehesabiwa kudanganya ni mwombaji, na adhabu yake ni kufungiwa miaka 5.

Ambaye tarehe imekwisha kumpita asikate tamaa wala asijifiche. Anazo siku 90 tangu hadhi yake ilipopotea za kuomba irejeshwe, na anaweza kuomba kibali cha mpito pamoja na ombi hilo, kwa ada ya ziada. Ila katika siku hizo hana ruhusa ya kufanya kazi, na hapa naomba nieleweke vizuri. Kuna wanaoshauriwa waendelee kimya kimya, walipwe taslimu mpaka mambo yakae sawa. Kufanya kazi bila ruhusa ni kuvunja masharti ya sheria, kunaweza kumfanya mtu aamriwe kuondoka, na uzoefu wa kazi alioupata namna hiyo hauhesabiwi katika maombi ya PR. Mshahara wa miezi mitatu hauwezi kufidia hasara hiyo. Jumuiya zetu, misikiti na makanisa tunayoswali na kusali wana mifuko ya kusaidiana wakati wa msiba na harusi. Sioni sababu ya mifuko hiyo kutomlipia kodi ya chumba kijana aliye katika siku zile 90 ili asishawishike kuvunja sheria.

Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya anaweza kupita katika PR akaelekea kwenye uraia wa Kanada na akabaki Mkenya, tangu Katiba ya 2010. Mtanzania asiyetaka kuipoteza pasipoti yake PR kwake ndicho kituo cha mwisho, na atakaa nayo maisha yake yote. Ndiyo maana kuipoteza kwa sababu ya fomu moja ambayo haikutumwa kwa wakati kunaniuma sana.

Pasipoti yenyewe ndiyo ombi langu la mwisho kwako, Mhariri, na kwa wenye mamlaka wanaosoma gazeti lako. Kibali cha mpito kwa kawaida kinaweza kutolewa hadi miezi 24, lakini hakiwezi kuvuka tarehe ya mwisho ya pasipoti. Mtu ambaye pasipoti yake imebakiza miezi 7 atapewa kibali cha miezi 7, alipe tena 255, na aingie tena katika kungoja kule kule. Pasipoti zetu za kielektroniki zilianza kutolewa mwaka 2018 kwa uhai wa miaka 10, kwa hiyo mwaka 2028 zile za kwanza zitaanza kuisha, na wengi wa wenye nazo watakuwa katikati ya kusubiri PR. Ubalozi wetu uko Ottawa. Kutoka Edmonton au Vancouver ni safari ya ndege ya kuvuka karibu nchi nzima, ambayo msaidizi wa wauguzi hulazimika kuidunduliza kwa miezi na kuiombea ruhusa kazini. Tunaomba maofisa wa pasipoti wapangiwe ziara katika majimbo ya magharibi, na tarehe za ziara hizo zitangazwe miezi kadhaa kabla, ili mtu apate pasipoti mpya kwanza na ndipo aombe kibali.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako,
Edmonton, Alberta, Kanada